Rekodi hufuata tiketi: ajali za ndege za Goma na karatasi tusizoziona

Uliza watu watano hapa Goma: ile ndege ya Hewa Bora ya 2008 iliua watu wangapi? Utapata majibu matano. Mmoja atasema 20, mwingine 40, mwingine 75, na mzee mmoja wa Majengo atakuapia kwamba walipita mia. Hawadanganyi. Kila mmoja anashika hesabu aliyoisikia kwenye redio siku fulani, na baada ya siku ile hakuna aliyekuja kumpa hesabu nyingine yenye muhuri.

Ndugu zangu wa chama, mimi nimesomea historia, na najua wengi wenu mnaona historia ni mambo ya Leopold wa Pili, Lumumba na Mobutu. Leo naomba mnivumilie nizungumzie historia ya miaka yetu wenyewe, ambayo imelala kwenye makabati ambayo hatuna ufunguo wake. Ni historia ya ndege zinazoanguka juu ya vichwa vyetu.

Kwanza mambo yalivyokuwa. Jumanne tarehe 15 Aprili 2008, saa nane na kitu mchana, DC-9 ya Hewa Bora ilianza kukimbia kwenye njia ya kurukia ndege (hapa kwetu tunasema pisti tu) kuelekea Kisangani, halafu Kinshasa. Moteri moja ikaleta shida ndege ikiwa bado chini. Haikupaa, wala haikuweza kusimama. Ikamaliza pisti, ikavuka mwisho wa uwanja, ikaingia Birere na matangi yake yamejaa mafuta. Anayeijua Birere anajua maana yake: maduka ya vitenge, mabodi ya simu, mama wa unga na sambaza, machukudu, wabadilisha dola, watoto wakitoka masomo. Saa nane mchana kule hakuna hata nafasi ya kuweka mguu.

Siku ile ya kwanza zilitangazwa habari za waliokufa zaidi ya 70, kwa sababu watu walidhani abiria wote wameungua. Halafu ikaonekana kwamba karibu abiria wote walitoka hai, wengine kupitia matobo ya ndege iliyopasuka. Hesabu ikashuka mpaka 20 hivi. Ikapanda tena, kadiri watu walivyozidi kutolewa kwenye majivu ya nyumba na maduka. Hesabu inayotajwa mara nyingi leo ni watu 40: abiria 3, na wengine 37 waliokuwa chini.

Soma tena. Watatu ndani, thelathini na saba chini.

Sasa fikiria karatasi. Abiria ana tiketi. Jina lake liko kwenye orodha ya abiria, na ile orodha ina nakala. Ana bima ya kampuni, ana mkataba wa usafiri, na kuna sheria za kimataifa zinazosema akifa alipwe vipi. Ndege yenyewe ina namba, ina kitabu cha matengenezo, ina kisanduku cheusi, ina kiwanda kilichoitengeneza huko Marekani. Ndiyo maana Marekani ilituma wachunguzi wake kuja kuisaidia Kongo katika uchunguzi: kanuni za anga zinaipa nafasi nchi iliyotengeneza ndege. Kila kilichokuwa ndani ya ile DC-9, mpaka bulonzi ya mwisho, kilikuwa na karatasi mahali fulani duniani.

Mama wa Birere aliyekuwa amekaa nyuma ya beseni lake alikuwa na karatasi gani? Pengine jeto ya soko ya siku ile. Hakununua tiketi, hakusaini kitu, hakuna orodha iliyomtaja. Kwa hiyo rekodi zilianza kuandikwa kutoka kwenye ndege kwenda nje, na zilipomfikia zilikuwa zimechoka. Ukiniuliza kwa nini hesabu ya waliokufa inacheza hivi, jibu langu ni hilo. Hesabu ya abiria haikuchukua muda kutulia. Hesabu ya walio chini mpaka leo inasemwa kwa mdomo.

Lakini kuna rekodi nyingine zilizokuwepo hata kabla ya ile Jumanne, na hizo ndizo zinazoniuma zaidi.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Wenye umri wanakumbuka. Lava ilishuka kutoka kaskazini, ikakata uwanja wa ndege, ikaendelea katikati ya mji mpaka ziwani. Pisti ya Goma ilikuwa na karibu mita 3,000. Karibu theluthi moja, upande wa kaskazini, ikabaki chini ya jiwe. Uwanja ukafunguliwa tena na pisti iliyobaki. Ndege kubwa zikaendelea kuja, kwa sababu barabara za kwenda Kisangani au Kinshasa mnazijua zenyewe. Pisti fupi maana yake si siri ya wataalamu: ndege ikipata shida katikati ya mbio, nafasi ya kusimama ni ndogo. Na ikirukia kusini, mbele ya pisti hakuna shamba wala majani. Mbele yake ni Birere.

Hili lilijulikana. Duniani kote kuna mfumo wa kuwatangazia marubani hali ya kila uwanja: urefu wa pisti, taa zisizowaka, shimo limetokea wapi. Rubani anasoma kabla ya kuruka. Ni mfumo mzuri, umeokoa maisha ya watu wengi. Ila hakuna popote ulipoandikwa mfumo wa kumtangazia anayeuza nyanya mita mia chache kutoka mwisho wa pisti kwamba, bibi, ile njia imekatwa na ndege zinazokuja upande wako hazina nafasi ya kukosea.

Kuna na hili. Mwezi uleule wa Aprili 2008, siku chache tu kabla ya ajali, Umoja wa Ulaya uliiingiza Hewa Bora kwenye orodha yake ya kampuni zilizokatazwa kuruka katika anga la Ulaya. (Na jina lenyewe, Hewa Bora! Sitasema zaidi.) Ile orodha ilianza mwaka 2006, na karibu kampuni zote za Kongo zilikuwa ndani tangu mwanzo. Inachapishwa kwenye gazeti rasmi, kila mtu anaruhusiwa kuisoma. Mtu wa Brussels aliyetaka kujua kama ndege ya Kongo ni salama alikuwa na ukurasa wa kufungua. Sisi tulio chini ya ndege zilezile tulikuwa na masikio yetu tu: tukisikia moteri inakohoa, tunainua macho.

Sasa mtu ataniambia: acha mambo ya Wazungu, Kongo ina sheria zake. Sawa, tuzione. Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944 ndio mama wa sheria za anga, na Kongo ni mwanachama kama nchi nyingine. Kifungu cha 26 kinaipa nchi ambamo ajali imetokea wajibu wa kuchunguza. Halafu kuna Kiambatanisho cha 13, kilichopitishwa mara ya kwanza mwaka 1951, ambacho ndicho kinaeleza uchunguzi ufanyike vipi. Mle ndani mna mambo mawili ambayo kila mwanafunzi wa sheria wa chama chetu angepaswa kuyashika kwa kichwa. La kwanza: uchunguzi ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kutafuta wa kufunga. La pili: ripoti ya mwisho inapaswa kuwekwa wazi kwa umma, haraka iwezekanavyo, na kama inawezekana ndani ya miezi 12. Ikichelewa, nchi inatakiwa kutoa taarifa kila mwaka tarehe ya ajali inapofika, kueleza uchunguzi umefika wapi na matatizo gani ya usalama yameonekana.

Kwa umma. Haikuandikwa kwa familia peke yao, wala kwa kampuni, wala kwa waziri.

Juu ya hapo katiba yetu ya 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kwa hiyo tunachodai hakitoki Ulaya. Leta yetu ilikiandika na kukisaini.

Ripoti ya mwisho ya ajali ya Birere mimi nimeitafuta. Nilienda mpaka ofisi moja, sitaitaja, na mzee aliyekuwa mezani alinipokea kwa heshima kabisa, akanipa kiti. Nikamweleza: papa, natafuta ripoti ya ile ndege ya 2008. Akanitazama, akasema: «Kijana, uko wa jamaa ya nani? Kama hauko wa jamaa ya wenye balikufa, ile dosiye utaifanyia nini?» Hakuwa na ubaya. Kwake dosiye ya ajali ni mali ya wenye msiba, kama vile cheti cha kifo. Wazo kwamba mtu asiye na maiti anaweza kuiuliza leta kwa nini ndege ilianguka halikuwa kichwani mwake, na sidhani kama liko kichwani mwa wengi wetu.

Tusidhani kwamba Goma ni ya pekee. Kinshasa ilitangulia. Tarehe 8 Januari 1996, wakati bado tunaitwa Zaire, Antonov 32 ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa N'Dolo, ikaingia soko la Simbazikita, lile wanaloliita Type K. Waliokufa ni zaidi ya 220 kwa hesabu za chini, na kuna hesabu zinazopita 300. Karibu wote walikuwa sokoni. Marubani wawili Warusi walishtakiwa, wakahukumiwa miaka 2. Mahakamani ndipo ilipojulikana kwamba ndege iliruka kwa karatasi za kuazima: kampuni moja ilitumia kibali cha nyingine. Ona hapo. Kesi ile ilitoa habari moja kubwa kuliko hukumu yenyewe, kwamba ajali ilianza kwenye makaratasi kabla ya kuanza kwenye moteri. Bila kesi tusingejua.

Mei 2003, Ilyushin 76 iliyokuwa imebeba askari, polisi na familia zao kutoka Kinshasa kwenda Lubumbashi ilifunguka mlango wa nyuma angani. Watu wakavutwa nje usiku. Ndege yenyewe ikarudi Kinshasa ikatua. Wangapi walianguka? Serikali ilitaja idadi isiyofika 20. Wengine walisema zaidi ya mia. Tofauti kama hiyo haiwezi kuwa kosa la kuhesabu. Maana yake ni kwamba orodha ya waliopanda haikuwepo, au haikutolewa. Na Oktoba 2007, miezi sita kabla ya Birere, Antonov nyingine ikaanguka kwenye nyumba za watu Kingasani, Kinshasa. Waziri wa uchukuzi akafukuzwa kazi. Kwetu ndivyo jambo linavyofungwa: mkubwa mmoja anatoka, na swali linatoka naye.

Pale ambapo hakuna ripoti, hadithi inaingia. Mfano mnaujua wote, maana ulizunguka dunia: Agosti 2010, ndege ndogo ya Let 410 ilianguka Bandundu, watu 20 wakafa, akapona mmoja. Ikasemwa kwamba abiria mmoja alikuwa na mamba kwenye mfuko, mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele, ndege ikapoteza usawa. Nusu ya dunia ilicheka. Rubani msaidizi alikuwa Mwingereza, kwa hiyo kwao Uingereza likafanyika shauri la kuchunguza kifo chake, kama sheria yao inavyotaka, na hadithi ya mamba ikasikilizwa kule. Mimi sitaki kuingia kama mamba alikuwepo au hakuwepo. Naona tu kwamba kifo cha mtu mmoja kilipata meza, hakimu na mwandishi kwa sababu alikuwa na paspoti fulani. Wakongomani waliokufa naye walibaki na mamba.

Kwa haki, lazima niseme na upande wa pili. Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa, CRJ-100, ilianguka Kinshasa ikitua ndani ya dhoruba, watu 32 wakafa kati ya 33. Ripoti ya mwisho ya wachunguzi wa Kongo ilitoka, na inasomeka. Inaeleza ile dhoruba, upepo uliosukuma ndege chini, na uamuzi wa marubani wa kuendelea kutua. Ni kazi ya watu wanaojua kazi. Kwa hiyo wakituambia kwamba leta haina uwezo, tuwakumbushe ile. Uwezo ulionekana siku ambapo walio ndani ya ndege walikuwa watu wa Umoja wa Mataifa. Hapo nimekwisha kuwaeleza jina la makala hii.

Hata hivyo kuwa mkubwa wa dunia peke yake hakutoshi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikuwa ametoka Léopoldville kwenda Ndola, Zambia ya leo, kukutana na Tshombe kwa ajili ya vita ya Katanga. Ndege ikaanguka msituni karibu na Ndola. Walikuwa watu 16, na hakuna aliyebaki. Utawala wa Rhodesia uliweka kosa kwa rubani. Kulikuwa na Waafrika, wachoma makaa, waliokuwa msituni usiku ule na waliosema waliona zaidi ya ndege moja angani, au moto kabla ya kuanguka. Ushahidi wao haukupewa uzito. Miaka zaidi ya hamsini baadaye Umoja wa Mataifa ulifungua jambo tena, na mwaka 2015 aliyewekwa kuongoza jopo ni Mswahili mwenzetu, Jaji Mkuu wa Tanzania wakati ule, Mohamed Chande Othman. Tangu hapo kazi yake kubwa, ripoti baada ya ripoti, imekuwa kuziomba nchi zenye nguvu zifungue nyaraka zao. Na alirudi kuusoma upya ushahidi wa wale waliokuwa chini.

Mimi nikisoma habari za wale wachoma makaa naiona Birere. Watu wanaoiona ndege kutoka chini ndio wa mwisho kuulizwa, na wakiulizwa hawaandikwi.

Najua kuna hoja ya kuficha, na si yote ya kijinga. Sauti za marubani kwenye kisanduku cheusi zinalindwa, na ni haki zilindwe: rubani akijua kwamba kila neno lake litapigwa redioni, ataacha kusema ukweli na mwenzake. Maelezo ya mashahidi nayo yana ulinzi. Vilevile zile ripoti za matukio madogo, tairi limepasuka, ndege mbili zimekaribiana, mhandisi ameona ufa. Mtu akiogopa kufungwa hataandika. Lakini hata hapo wenzetu walipata njia. Marekani tangu 1976 ina mfumo unaosimamiwa na NASA, ambamo rubani au fundi anaandika kosa lililotokea, jina lake linafutwa, na habari yenyewe inawekwa ambapo kila mtu anaweza kusoma. Jina linafichwa, somo linatolewa. Kwetu mara nyingi tunafanya kinyume: jina la rubani linajulikana mji mzima kabla ya jioni, somo ndilo linazikwa.

Na masomo yalihitajika haraka. Tarehe 19 Novemba 2009, miezi 19 baada ya Birere, MD-82 ya kampuni ya CAA ilitua Goma, ikapitiliza pisti ileile, ikaenda kukwama kwenye mawe ya volkano. Watu kadhaa waliumia, hakuna aliyekufa. Tukasema Mungu mkubwa, tukaendelea. Ajali isiyoua ndiyo zawadi kubwa kwa mchunguzi, kwa kuwa mashahidi wote wako hai. Sisi tuliipokea kama bahati tu.

Halafu Jumapili tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 ya Busy Bee iliyokuwa inaenda Beni ilianguka Mapendo dakika moja au mbili baada ya kuruka. Pisti haikuwa tena ile iliyokatwa vibaya, kazi ilikuwa imefanyika. Ndege ilikuwa ndogo, kampuni nyingine, sababu zake nyingine. Ila mahali ni palepale, mtaa uleule wa kusini mwa uwanja. Waliokufa walizidi 20, na tena mlikuwa na watu waliokuwa nyumbani kwao Jumapili asubuhi. Vijana wengi wa chama hiki waliiona ile kwa macho, au kwenye simu. Na tena hesabu ilitofautiana kutoka gazeti mpaka gazeti: ndani walikuwa wangapi, chini walikuwa wangapi.

Linganisheni na Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR ya Precision Air iliingia ziwa Victoria ikijaribu kutua. Watu 43 ndani, 19 wakafa. Wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Ndani ya wiki chache taarifa ya awali ya wachunguzi wa Tanzania ilikuwa mikononi mwa waandishi, na haikuzungumzia hali ya hewa peke yake. Iligusa hata udhaifu wa uokoaji, jambo ambalo serikali yoyote ingependa kulikwepa. Watanzania waligombana kwa wiki nzima kuhusu ile taarifa. Niliwaonea wivu. Kugombana juu ya karatasi ambayo wote mmeisoma ni tofauti sana na ubishi wetu wa hesabu za redio.

Kwa sasa, mwanafunzi wa Goma akitaka historia ya ajali za mji wake, anatafuta mega, anafungua Aviation Safety Network, ile iliyoanza mwaka 1996, au hifadhi ya ajali za ndege iliyoko Geneva. Anakuta mtaa wake umeandikwa kwa mstari mmoja: tarehe, aina ya ndege, namba, waliokufa. Nawashukuru wanaoziweka, maana bila wao tusingekuwa na kitu. Lakini ni rekodi zinazoanzia kwenye ndege. Ukitafuta kwa jina la avenyu ya Birere, hutapata.

Kwa nini naandika haya leo, wakati hata ndege hakuna? Ni kwa sababu hiyo. Tangu vita vya mwisho wa Januari 2025 uwanja wa Goma umefungwa. Kusini mwa pisti watu wamezoea kulala bila ngurumo. Siku moja utafunguliwa, na sote tunaomba iwe mapema: wagonjwa, dawa, biashara, vyote vinangoja. Siku ile ndege ya kwanza ikirukia kusini, itapita juu ya nyumba zilezile. Ningependa kabla ya hapo mambo yafuatayo yawe yametolewa kwa umma: ripoti ya 2008, ya 2009 na ya 2019, hata kama hazikukamilika, zilivyo, urefu wa pisti na hali yake siku ya kufungua, na mpango wa uokoaji kwa mtaa, si kwa uwanja peke yake. Na muhtasari wa kila ripoti uwe kwa Kiswahili, maana kifungu cha 1 cha katiba kinakitaja kati ya lugha nne za taifa, na Kifaransa cha wahandisi hata mimi kinanitoa jasho.

Wakati tunangoja leta, kuna kazi ambayo haihitaji ruhusa ya mtu. Nimeanza daftari. Nimelipanga kinyume na zile tovuti: linaanza na avenyu, halafu nyumba au meza ya soko, halafu aliyekuwa pale, alikuwa anafanya nini, alipelekwa hospitali gani au alizikwa wapi, nani anayekumbuka. Namba ya ndege inakuja mwisho. Majina sitayaweka hapa. Yatabaki kwenye daftari mpaka jamaa wakubali. Kwa Birere ya 2008 nina watu 11 tu kati ya wale 37, na kwa wawili kati yao mashahidi hawakubaliani hata walikuwa wanauza nini.

Kwa hiyo wenzangu wa Mapendo, Birere na Majengo: mwenye karatasi ya hospitali, picha, programu ya misa ya mazishi, jeto ya soko, au mama aliye tayari kuongea saa moja, aniandikie. Wa sheria, nahitaji wawili wa kunisaidia kuandika barua ya kuomba zile ripoti tatu, kwa Kifaransa kisichotetemeka, tukitaja Kiambatanisho cha 13 na kifungu cha 24. Na mwenye memwari iliyogusa uwanja wa ndege au mlipuko wa 2002, hata iliyopewa alama ndogo, ailete. Nitaipiga nakala mwenyewe na kuirudisha kesho yake.